Msalaba wa Mkaa

Glory alipopelekwa hospitali, mimba ikitishia kutoka, alichokililia si nguo wala chakula. Alimshika mkono mama mkwe wake, Rhoda, aliyekuja Misima kutoka Kwashemshi kuangalia nyumba. "Mama, nitunzie kuku wangu anayeatamia. Tumeahidiana kuangua pamoja." Aliyasema kama utani, lakini macho yake hayakuwa ya utani hata kidogo.

Basi Rhoda akamtunza kweli kweli. Maji, pumba, majivu ya kufukuza utitiri. Kuku gani wa kumshinda Rhoda! Siku moja kuku alipotoka kula, akachungulia ndani ya chungu kibovu alimokuwa akiatamia: mayai mengine safi, mengine yana msalaba wa mkaa. Loo! Kwao Kwashemshi, yai likipimwa kwenye mwanga likaonekana viza, hupigwa mkaa litupwe. Mtoto wa watu mvivu huyu, akawaza, ameweka alama halafu ameyaacha yaoze chini ya kuku. Akayazoa yote yenye msalaba, akaenda kuyamwaga kwenye shimo la taka.

Yakapasuka. Katika moja kulikuwa na kifaranga kamili, manyoya yamelowa, kinafungua mdomo na kuufumba.

Rhoda akapiga magoti pale pale kwenye taka. "Mungu wangu, nimefanya nini mimi?" Ndipo alipoelewa. Huku kwa Glory mkaa hupigwa mayai ya kuatamiwa, ili kuku wengine wakija kutagia humo, ya kwao yajulikane yaondolewe. Aliyobakiza chunguni ndiyo hayo ya kuondolewa. Kuku naye, maskini, alikuwa amesharudi na kuyakalia.

Glory alirudi juma lililofuata, tumbo halipo tena, khanga ameikaza kiunoni. Mumewe, Mhina, alibeba begi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole. Pole sana."

Glory hakuingia chumbani. Alikwenda moja kwa moja jikoni, akapenyeza mkono chini ya kuku, akatoa yai. Akaligeuza huku na huku. Akatoa jingine, akaligeuza pia.

Rhoda akaanza kulia. "Mwanangu, kwetu sisi ule mkaa..." Kwa aibu akainama amnyanyue kuku, angalau ayaondoe yale mayai.

Glory akamzuia mkono.

"Mwache, mama. Mwenzangu bado hajajua."