Msufi Ulioangushwa na Upepo

Mzee Erasmus alisema mti ulianguka wenyewe. Alisema mbele ya wazazi, kwenye kikao cha shule, mikono juu ya tumbo: "Kimsingi, ni upepo."

Upepo gani wa Mbagala unakata shina likabaki laini kama meza, sikuuliza. Nilikuwa nimekaa nyuma kabisa. Mie nimeishia darasa la nne na sina mtoto pale, nani angenisikiliza? Ila niliapa palepale. Huyu mtu atasema kwa mdomo wake kwamba aliukata, na atasema mbele ya watoto.

Ulikuwa msufi. Ulisimama kwenye kona ya uwanja wa shule, kando ya barabara, na nilichonga vinyago chini yake miaka kumi na tisa. Juu yangu walikaa yangeyange, wale ndege weupe. Kila mwaka walijenga viota, walininyea kichwani, nikawatukana, wakaendelea na shughuli zao. Tulizoeana. Mwalimu Sekela, mwanamke wa Tukuyu asiyejua kunyamaza, alinikuta pale akaniomba niwafundishe watoto wa klabu ya wanyama kila Jumamosi.

"Hawajamwona tembo wala twiga," alisema. "Lakini hawa ndege wanao hapa juu ya vichwa vyao. Anzia hapo, fundi."

Basi mtoto alikaa chini ya mti akamtazama ndege nusu saa bila kuongea, halafu akamchonga. Aliyekosea shingo nilimrudisha akatazame tena. Wakaanza kujua mambo ambayo mie mwenyewe sikuyajua: jike analalia mayai siku ngapi, dume analeta vijiti vya namna gani, kinda yupi atasukumwa na wenzake.

Mzee Erasmus ndiye mwenyekiti wa kamati ya shule. Alitaka kujenga fremu za maduka kwenye ile kona. Likizo ya Juni, Jumatatu asubuhi, watu wake wakaja na msumeno wa mashine. Nilikuwa nimekwenda Buguruni kununua tupa. Niliporudi nilikuta msufi uko chini, makinda yametapakaa mchangani, mengine hayajaota hata manyoya. Watoto wa jirani walikuwa wanayaokota na kuyatia kwenye beseni la kufulia. Raudha wa darasa la tano alichukua moja akaenda kulilisha dagaa nyumbani kwao. Siku ya nne alinijia na boksi la viatu. Alilifungua, kinda limekufa ndani, akaliweka mbele yangu, akasubiri, kama vile mie ndiye fundi wa kulitengeneza.

Nilikwenda kwa wale wa msumeno nikawaomba gogo moja.

"Chukua tu, mzee. Si kuni hizo!"

Kwetu Newala kuna lipiko, kinyago anachovaa mchezaji ngoma kichwani. Aliyewakosea watu anachongwa, sura yake inatolewa uwanjani, inachekwa. Sharti ni moja: jina halitajwi. Na anayesimama kulalamika kwamba katukanwa, huyo kwisha habari yake, amekubali kuwa ni yeye. Nilipokuwa mdogo nilimwona karani mmoja wa korosho akiinuka kulalamika. Mwezi haukuisha, akahama.

Msufi ni mti mwepesi, unachongeka vizuri. Nilianza na fisi. Nilimpa meno, nikampa kitambi, nikampa ndevu. Mzee Erasmus anapaka ndevu zake piko, nyeusi tii, na nywele za kichwani kaziacha nyeupe. Ukishachonga hilo hakuna haja ya kuandika jina.

Jumamosi watoto wakanizunguka.

"Fundi, huyo nani?"

"Fisi."

"Fisi ana ndevu?" Walicheka hadi wakaangukiana. Walishajua. Raudha peke yake hakucheka.

"Fisi kakosa nini?" aliuliza.

"Mchafu. Anakula mizoga."

"Mwalimu kasema anasafisha pori. Asipokuwepo, mizoga inaoza, wanyama wengine wanaumwa. Na fisi hakati mti."

"Haya. Nimfanye nyoka?"

"Nyoka anakula panya."

"Kenge!" alidakia mwenzao, Praygod.

"Kenge kakufanyia nini wewe? Kwanza mmefanana midomo."

Tukawapitia wote tuliojifunza mwaka mzima, mmoja baada ya mwingine, mpaka kunguru. Kila niliyemtaja alipata wakili. Nilikasirika. Nilikuwa nimemaliza siku tatu kwenye yale meno.

"Sasa nimfanye nani?"

Raudha aliinua mabega. "Mfanye mtu. Mtu tu."

Niligeuza gogo nikaanza upya upande wa pili.

Siku ya maonyesho ya klabu, mgeni rasmi alikuwa Mzee Erasmus mwenyewe, amekaa chini ya turubai kwenye kiti chenye kitambaa, maji ya chupa mbele yake. Wazazi walijaa. Mwalimu Sekela alinifuata nyuma ya darasa nikiwa najifunga magunia mwilini.

"Fundi, hicho kinyago kinafanana na mtu?"

"Vinyago vyote vya watu vinafanana na mtu, mwalimu."

"Usinichezee. Mie ndiye nitakayehamishwa."

"Hakivai mtoto. Nakivaa mie. Wewe hukuniona."

Alikitazama, kisha akatazama kisiki kule kwenye kona. "Sijakuona," alisema, akaondoka.

Watoto waliingia kwanza, shuka nyeupe mabegani, midomo ya manjano usoni, kila mmoja kajichongea wake. Walitembea kama yangeyange hasa, shingo mbele, shingo nyuma. Wazazi wakapiga makofi. Wakajenga viota, wakalalia mayai, wakalisha makinda. Halafu ngoma ikabadilika, nikaingia mie na tumbo la magunia. Nilizunguka mara moja. Watoto wote wakaanguka chini.

Raudha aliinuka polepole, akainua mdomo wake wa manjano. "Nani kaangusha nyumba yetu?"

Nilishika tumbo. "Kimsingi," nilisema, "ni upepo."

Kicheko cha kwanza kilitoka kwa akina mama. Kikasambaa.

"Upepo una msumeno?"

"Kimsingi, ni upepo wa kisasa."

"Watoto wetu wako wapi?"

"Kimsingi, walikuwa wanaruka kwenda likizo."

Watu walikuwa wanapigana mabega. Mie, ndani ya kile kinyago, nilikuwa namtazama yeye tu kupitia matundu mawili. Jasho lilimshuka na kuchukua piko, mstari mweusi ukateremka mpaka kwenye kola. Nilimwomba kimoyomoyo. Inuka. Inuka, mzee wangu, usininyime.

Akainuka. Kiti kikaanguka.

"Mnanitukana mimi! Huyo ni mimi! Ndiyo, niliukata, mnasemaje? Niliukata! Hao ndege wenu walikuwa wananinyea gari!"

Ngoma ikanyamaza. Kutoka nyuma sauti ya mama mmoja ikasema, wala si kwa nguvu, "Si ulituambia upepo?"

"Vua hicho kinyago nikuone!" aliniambia akinisogelea.

Lipiko halivuliwi uwanjani. Nilimwinamia kwa adabu, nikamjibu kwa sauti yake: "Kimsingi, mzee, nani kakutaja?"

Aliondoka kwa miguu, gari akaliacha.

Sitadanganya kwamba msufi ulirudi. Fremu zilijengwa. Mwalimu Sekela alihamishiwa Kibamba, na hilo lilinikaa rohoni mpaka aliponipigia simu kuniambia kule kuna miti na watoto, nipande daladala niende Jumamosi. Mie nimepigwa marufuku shuleni. Nachonga ng'ambo ya barabara, na kinyago nimekitundika kikiangalia zile fremu. Klabu inanifuata hukohuko.

Watu wameshaniuliza kama nimemsamehe. Sijamsamehe. Kila asubuhi mzee Erasmus anakuja kufungua duka lake, na kila asubuhi watoto wanapita kwenda shule. Wanasimama mbele yake, mikono nyuma, wameinamisha vichwa kama watoto waliolelewa.

"Shikamoo, Mzee Upepo."

Na shikamoo ya mtoto hainyamaziwi, watu wa mtaa wanakutazama. Namwona anageuka huku na huku, ndevu zimeshaanza kuwa nyeupe.

"Marahaba," anasema.