Karibuni Kura

Tata Murugi alikuwa na maneno machache tu ya kusema, na aliyafanyia mazoezi wiki nzima huku akimenya viazi. Karatasi aliyoandikiwa na Njoki, binti wa ndugu yake aliyemwita Tata, yaani shangazi, ilisema: "Mchungaji, karibu Mweiga. Chakula kiko tayari. Karibuni kula."

Mchungaji mpya alitoka Taita na hakujua Kikuyu hata cha salamu, kwa hivyo akina mama wa kanisa walikata shauri akaribishwe kwa Kiswahili. Wakamchagua Murugi, mpishi wao.

"Wakinicheka, Njoki, sitashika maiki tena," alisema. "Nitabaki jikoni na sufuria zangu mpaka nizikwe."

Njoki alikuwa amesoma chuo. Alisikia vizuri kabisa jinsi ile L ilivyogeuka R kila shangazi yake alipofika neno la mwisho. Mara tatu alifungua kinywa amrekebishe; mara tatu akaona uso ule ulivyojaa furaha, akanyamaza. Alijiambia huo ni upole.

Jumapili hema la kanisa lilijaa. Murugi, kitambaa kipya kichwani, alishika maiki kwa mikono miwili.

"Mchungaji, karibu Mweiga. Chakura kiko tayari. Karibuni kura!"

"Ati kura?" Gicheru wa kikundi cha vijana akadakia kutoka nyuma. "Wagombea ni nani, Mama?"

Hema zima likaangua kicheko, ingawa nusu yao husema hivyo hivyo nyumbani. Murugi aliitazama karatasi kana kwamba ndiyo iliyomsaliti. Akaiweka maiki kwenye kiti, akageuka kurudi jikoni.

Njoki, ambaye kanisani hukaa pembeni ili asiombwe hata kusoma matangazo, alijikuta amesimama. Aliichukua maiki kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akamshika shangazi yake.

"Wagombea ni wawili," alisema, sauti ikikwaruza. "Mukimo wa Tata Murugi, na chapati zangu. Zangu mtazitambua. Kila moja iko na umbo la ramani ya Kenya."

Kicheko kikarudi, lakini safari hii kilimfuata yeye.

"Sanduku la kura ni sahani yako. Mchungaji, anza wewe."

Mchungaji akajipakulia mlima wa mukimo, viazi vilivyopondwa pamoja na mahindi na mboga. Gicheru akamfuata mbio. "Mama, kura yangu ni yako! Naweza kupiga mara mbili?"

Sufuria ya mukimo ilipobaki tupu, Murugi aliidai maiki mwenyewe. "Asanteni kwa kunichagua," alisema. "Mwaka ujao, karibuni kura tena!" Wakampigia makofi hadi hema likatikisika.

Jikoni, Njoki alimkuta akitafuna chapati, kipande cha upande wa Turkana.

"Tata, nilisikia tangu Jumatatu. Ilifaa nikuambie."

"Siku ingine uniambie, mami." Murugi akamega kipande kingine. "Ingawa huu urimi wangu, hata ukiuambia, utasikia?"