Ng'ombe Iko Sawa

"Ulimpima na nini, Jelimo?"

"Judy, si unisikize kwanza—"

"Na mashine ama na mdomo?"

"Nakwambia siku hiyo—"

"Usiniambie siku! Mia moja ishirini na nne kwa sabini na nane! Mimi mwenyewe, hapa Kitale nauza viatu, sijawahi kuwa na presha nzuri hivyo!"

Walikuwa nje ya wadi ya wanaume, Judy ameinua kadi ya afya ya boma lao juu kama refa aliyeamua mtu atatoka uwanjani. Na mtu wa kutoka alijulikana. Jelimo, bibi ya Kimaiyo, ndugu yake Judy, nesi wa dispensari moja upande wa Kapsokwony, ndiye aliyeandika hiyo namba. Mwenye namba sasa, Mzee Bethwel, baba yao, alikuwa amelala mle ndani siku ya tisa, mkono na mguu wa kushoto umekufa, mdomo umeenda upande. Walimkimbiza kwanza Bungoma, kisha wakamleta Kitale awe karibu na Judy. Daktari aliwauliza swali moja tu: hii ni presha ya miaka, kwani hakuna mtu aliwahi kuipima?

"Mama," Judy alimgeukia Cherop, aliyekaa kwenye benchi na chupa ya uji mapajani, "huyu afungashe. Arudi kwao."

Cherop hakuinua macho. "Boma ni ya mzee. Jana ulimi imeanza kurudi. Yeye ndiye atasema."

Jelimo alimtazama bwana yake, akingoja hata kikohozi. Wapi. Kimaiyo alikuwa anasoma viatu vyake kama gazeti.

Na uchungu wenyewe ni kwamba Jelimo kazi anaijua. Mwezi wa pili, walipotumwa kupima watu boma kwa boma, alianza na lao. Vivian, mtoto wake wa miezi saba, alimsikiliza kifua akiwa bado amelala, maana mtoto akishaanza kulia utasikia kilio, mapafu hutasikia. Akamzungushia utepe wa kupima lishe mkononi, ukasoma kijani. Job, kaka yake Vivian, wa miaka minne, alikataa katakata, mpaka Jelimo akapima gunzi la mahindi kwanza, akaliambia, "Pole bana, una homa." Job akacheka, akatoa kwapa mwenyewe. Mama mkwe alimwomba tu watembee mpaka langoni na kurudi, wakipiga stori, na kabla hawajafika alishajua goti lipi linamtesa na ni hatua ngapi kabla pumzi haijakatika.

Akabaki mzee.

Sasa, kwa boma hilo bibi ya kijana hamgusi baba mkwe. Hamshiki mkono, naye mzee hamwiti jina. Hata kikombe cha chai anakiweka kwenye kiti, mzee akichukue baadaye. Hao wawili walikuwa wamejitafutia njia yao ya kuongea: walipitia kwa ng'ombe. Siku hiyo mzee alikuwa amekaa kando ya zizi, amempa mgongo.

"Ng'ombe," Jelimo aliita, "kichwa inakuuma?"

"Ng'ombe iko sawa," mzee alijibu.

"Macho je? Haioni ukungu?"

"Inaona mpaka Uganda."

"Na usiku inaamka mara ngapi kwenda haja?"

"Daktari aambiwe hata ng'ombe iko na heshima yake!"

Boma zima lilicheka mpaka kuku wakatawanyika. Jelimo naye alicheka, akijua Beth, mwenzake wa dispensari, atapita Alhamisi amfunge mzee ile mashine mkononi. Lakini fomu zilitakiwa jioni ileile, na huo mstari mtupu wa presha ya mzee ulikuwa unamwangalia vibaya. Fomu za wenzake zote zimejaa, yake ina pengo, na pengo lenyewe liko nyumbani kwake! Akaandika namba ya mtu mzima mwenye afya yake, kwenye fomu na kwenye kadi ya boma. Beth akishapima nitabadilisha, alijiambia. Alhamisi Beth akafungua karatasi, akaona mstari umejaa, akamwambia wa bodaboda apitilize mpaka boma linalofuata. Na Jelimo hakumwuliza. Akili ya binadamu ikishaandika kitu, inakiamini. Wiki saba baadaye mzee alianguka kwenye shamba la vitunguu, jembe bado liko mkononi.

Saa saba mlango wa wadi ulifunguliwa.

Wengine walimzunguka mzee. Jelimo alisimama miguuni pa kitanda, mahali pa mkwe, na macho yake yakaanza kazi bila kuambiwa. Alihesabu pumzi kwa vile blanketi lilivyopanda na kushuka: ishirini na mbili. Mkono wa kushoto umevimba, unaning'inia, hauna mto. Na pale blanketi lilipoteleza kwenye nyonga, ngozi ilikuwa nyekundu, inang'aa. Hiyo ngozi inafunguka iwe kidonda, hiyo. Anatakiwa kugeuzwa sasa hivi, si baadaye. Manesi wa zamu walikuwa wawili, wanakimbia kati ya vitanda kama watu wanaozima moto. Mikono ya Jelimo ikatoka yenyewe. Akairudisha, akaifunga moja ndani ya nyingine nyuma ya mgongo.

Mzee aliiona ikirudi.

"Baba," Judy alisema, "huyu hakukupima. Aliandika uongo. Mwambie arudi kwao."

Hapo hapakuwa na ng'ombe. Jelimo akaliambia blanketi.

"Ni kweli. Sikupima. Niliogopa pengo kwa karatasi, na pengo ilikuwa ni wewe." Machozi yalishuka bila sauti, na hata akilia, kichwani bado alikuwa anahesabu zile pumzi. Ishirini na tatu. "Ukisema niende, nitaenda. Niachieni tu watoto wangu."

Kimaiyo ndipo akapata sauti, siku ya tisa. "Baba, mimi huyu simwachi. Hata kama ni makosa yake. Nimekataa."

Jelimo alifumba macho. Kwa neno hilo angesubiri hata mwaka mzima.

Mzee alisogeza ulimi. Maneno yalitoka yamelowa, moja moja, kila moja kwa bei yake.

"Jelimo."

Jina. Miaka sita kwa boma lake hakuwahi kulitamka. Chupa ya uji ilimponyoka Cherop, ikagonga sakafu, na hakuna mtu aliyeiokota.

"Mgongo inaungua. Judy ni mtoto wangu, hawezi kuniona uchi. Mama yenu hana nguvu." Alipumzika. Jicho la kulia lilienda kwa Kimaiyo, likaomba msamaha, likarudi. "Bibi ya kijana yangu hawezi kunishika. Mtu mgeni anaweza. Tafadhali, mama. Achana na Kimaiyo, usiwe mkwe wangu tena. Uwe nesi yangu."