Pumzi ya Esdras

Kila asubuhi Aurélie alitwanga sombe, majani ya muhogo, mpaka jua lilipogusa paa la kanisa. Hapo aliweka mchi chini, akakaa kizingitini na kuanza kumpumulia mumewe. Saa hizo Esdras alikuwa ameshashuka shimoni, ng'ambo ya kilima, kuchimba kasiterite, mawe ya bati, na chini kule hewa haifiki. Aurélie alivuta pumzi moja yake, moja ya Esdras, moja yake, moja ya Esdras. Wapita njia wa kijiji cha Kibua walimsalimu bila kungoja jibu, kama walivyowasalimu wake wote wa wachimbaji.

Zamani shimo lilikuwa na mashine ya hewa, na bomba refu lililofika mwisho kabisa. Ilipoharibika, wanawake wakaanza kuwapumulia waume zao, na hakuna mwanaume aliyekufa. Mwenye shimo, ambaye watu walimwita PDG, aliona hayo akafurahi. Mashine ilipotengenezwa hakuirudisha shimoni. Moteri yake aliipeleka baani kwake, iendeshe friji ya bia.

"Banamama ba hapa beko na mapafu ya nguvu," alisema. "Mashine njo ya nini tena?"

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mwenye hewa naye, inaonekana, ni hivyo hivyo.

Lakini mwili haufanyi kazi bure. Aurélie alikula ugali wa watu wawili, akanywa maji kama mtu aliyetoka shambani, na bado mashavu yalibonyea, kucha zikapauka. Kisha akashika mimba, na kifua kimoja kikawa cha watu watatu. Alichoka, maskini, wala hakumficha mtu.

Uchungu ulimshika siku ya soko, Esdras akiwa chini tayari. Jirani alikimbia kumwita, lakini kupanda kutoka mwisho wa shimo si kazi ya mara moja, na mtoto hakuwa na subira hiyo. Mkunga, Mama Blandine, alimshika magoti.

"Kamata pumuzi, mama, usukume!"

"Siwezi kuikamata, Mama Blandine. Esdras iko mu shimo."

Mkunga hakubisha, maana naye alimpumulia mumewe miaka mingi. "Basi sukuma kidogo-kidogo."

Wakaenda hivyo. Aurélie alisukuma, akaachia, akampa Esdras pumzi, akasukuma tena. Alilia kwa hofu, kwa kuwa alijua kila anapojibana kuna mtu anakosa hewa. Mwishowe uchungu ukamzidi. Alijibana kwa muda mrefu, asiweze kuachia, na mtoto akatoka.

Mtoto hakulia. Mama Blandine alimpangusa pua, akamwekea sikio kifuani. Alikuwa anapumua taratibu, pumzi moja ndogo, moja kubwa, moja ndogo, moja kubwa.

"Anamupumulia baba yake," alisema mkunga. "Wewe pumuzika, mama."

Aurélie akalala.

Jioni Esdras alirudi mzima, matope mpaka kwenye kope. Alimbeba binti yake, akasema kwamba mchana hewa ilikatika, akaona giza, kisha ikaja nyingine, changa kidogo.

Kesho yake PDG alileta sabuni na pongezi. Aliinama, akasikiliza kifua cha mtoto kwa makini.

"Iko na mapafu ya muzuri," alisema. "Sasa tunaweza kuchimba mbali zaidi."

Aurélie alimshukuru kwa sabuni. Angesema na mengine, lakini jua lilikuwa limegusa paa la kanisa.