Ghorofa ya Tatu ya Jengo Namba Kumi na Moja

Alhamisi saa nane na dakika kumi mchana, Inshirah alikuwa akitoa fotokopi za vyeti vya kuzaliwa vya mapacha, mama yao amesimama mbele ya kaunta akijipepea kwa bahasha, jengo namba kumi na moja lilipoanguka. Lilikuwa mkabala na duka lake. Vumbi likaingia, likatua juu ya kioo cha mashine, na nakala za pacha wa pili zikatoka na madoa. Inshirah alifuta kioo, akatoka nje kutazama.

Jengo lile lilikuwa na ghorofa saba. Sita zilikuwa zimelala barabarani. Ya tatu ilikuwa palepale ilipokuwa siku zote, na kuta zake, na roshani yake, na mashuka yaliyoanikwa asubuhi. Chini yake hapakuwa na kitu, na juu yake hapakuwa na kitu.

Mwenye mashuka, Fauqiya, alitoka roshanini akachungulia.

"Inshirah, ngazi zimekwenda wapi?"

"Zimeanguka."

"Na Ami Bishir? Alikuwa mlangoni kwangu sasa hivi."

Inshirah aligeuka kutazama kifusi.

Ami Bishir, mtu wa Aswan, alikuwa bawabu wa jengo lile miaka ishirini na sita. Mchana ule alisikia nguzo ikilia. Akapanda hadi ghorofa ya saba, akaanza kushuka akibisha mlango mmoja mmoja. Watu kumi na tisa walitoka, mmoja wao na sufuria mkononi. Wa ghorofa za chini walisikia makelele wakatoka wenyewe. Alipofika kwa Fauqiya akabisha, na Fauqiya akamwambia kutoka chumbani, "Subiri nijitande mtandio." Alipofungua, mlango ulifungukia hewani.

Walimtoa Ijumaa asubuhi. Hema la matanga likapigwa mtaani hapohapo, na viti vikapangwa chini ya nyumba ya Fauqiya, maana palikuwa na kivuli. Vikombe vya kukodi havikutosha, kwa hiyo Fauqiya, amevaa nyeusi, aliteremsha vyake kwa kikapu na kamba. Watu wakanywa kahawa chungu, wakainua macho kumpa pole, naye akazipokea.

Kila Jumamosi Inshirah alibandika kwenye kioo cha duka ukurasa mmoja wenye kichwa "Habari za Mtaa". Hakuna aliyemtuma. Watu walimletea karatasi zao zote kutolewa nakala, za ndoa, za talaka, za mirathi, na aliona haya kuyajua yote peke yake. Jumamosi ile aliandika hivi: *Jengo namba kumi na moja limeanguka, isipokuwa ghorofa ya tatu. Ami Bishir amefariki, Mungu amrehemu. Maji yatakatika Jumatatu saa nne hadi saa nane. Paka wa rangi ya chungwa aliyepotea yupo kwa muuza maharage.*

Zimamoto walikuja na ngazi ndefu.

"Shuka, mama," afisa wao alisema.

"Nikishuka nyumba inakuwa tupu, mwanangu. Ikiwa tupu, Haji Muawwad atasema hapakuwa na mtu. Nina chungu jikoni, niacheni."

Haji Muawwad ndiye mwenye jengo, na ndiye aliyelijenga. Afisa aliandika kwamba mkaazi amekataa ngazi, akaomba saini yake. Daftari likapanda kwa kikapu, likashuka limesainiwa.

Shauqi, mume wa Fauqiya, alikuwa dereva wa tramu, gari la reli la mjini, na siku ya tukio alikuwa kazini. Alirudi saa kumi amevaa sare yake, akasimama mtaani.

"Umekula?" mkewe alimuuliza kutoka juu.

"Bado."

Akamteremshia bakuli, naye akala ameketi ukingoni mwa barabara. Tangu siku hiyo alilala kwa dada yake. Kila Ijumaa mafundi wa nyaya za tramu walimletea ngazi yao ya magurudumu, na Shauqi alipanda na goti lake bovu, akakaa na mkewe mpaka baada ya alasiri, ngazi ilipohitajika kwingine. Walikuwa wameoana miaka thelathini na moja. Inshirah aliona kwamba siku hizi Ijumaa Shauqi hunyoa ndevu na kujipaka manukato.

Maji na umeme viliendelea kama kawaida. Msoma mita alisimama chini, Fauqiya akamsomea tarakimu kwa sauti. Kwa kuwa aliona mtaa mzima, akawa anamwambia Inshirah habari kabla hazijafika: muuza gesi yuko kona ya pili, mchumba wa binti wa mfamasia amekuja na mama yake na sanduku la halua, mambo yameiva. Ukurasa wa Jumamosi haukuwahi kuwa na habari nyingi kiasi kile.

Wiki ya saba akaingia dukani binti wa Ami Bishir, Dahiba, aliyetoka Aswan kwa basi kufuatilia mafao ya baba yake. Alitaka nakala tatu za ripoti ya uchunguzi.

"Sijaisoma," alisema. "Nilipewa sasa hivi. Wanasemaje juu ya baba?"

Inshirah aliisoma ilipokuwa inatoka kwenye mashine. *Sababu ya kuanguka: uzembe wa bawabu, aliyeacha pampu ya maji ikivuja kwenye msingi.*

"Wanasema alikuwa kazini," akamjibu.

Hakumtoza. Dahiba alipoondoka, Inshirah alifunga mlango, akavuta saraka ya chini. Humo aliweka nakala zilizoharibika ili aandike rasimu zake upande wa nyuma. Alitafuta mpaka adhuhuri, akaipata nakala aliyoikumbuka. Miaka miwili na nusu nyuma, Haji Muawwad alipokuwa akiongeza ghorofa, alimtuma mtu na kibali cha zamani cha ujenzi, na mashine ikakunja nakala moja. Ilikuwa imepinda lakini inasomeka: ghorofa nne. Inshirah alikuwa amekisoma kibali siku ile ile. Akaigeuza. Nyuma yake, kwa mwandiko wake mwenyewe, palikuwa na rasimu: *Tunampongeza Haji Muawwad kwa kukamilisha ghorofa ya saba. Mungu amzidishie.*

Alitoa nakala za pande zote mbili, akazibandika kiooni pamoja, na ripoti katikati.

Watu walikuja kusoma. Mfamasia alisoma mikono nyuma, akasema, "Tulikuwa tunajua," akarudi kazini kwake. Fauqiya akaita kutoka juu.

"Nisomee, miwani yangu haifiki huko."

Inshirah alimsomea ripoti, kisha kibali.

"Na karatasi ile ya tatu?"

Akamsomea pongezi.

"Mwandiko wako mzuri," Fauqiya alisema, akaingia ndani akafunga dirisha.

Siku mbili kikapu hakikushuka upande wa duka. Inshirah alifanya kazi bila kutazama nje, na alikosea hesabu ya kurasa za watu. Alimpigia simu Dahiba kumweleza kila kitu.

"Niliisoma kwenye basi wakati wa kurudi, dada," Dahiba alisema. "Nilijua hukutaka nisikie kwako."

"Nilikijua kibali, Dahiba. Nilikuwa nacho."

"Baba naye alizihesabu ghorofa, alizipanda kila siku. Tulikuwa tunakula hapo."

Siku ya tatu kikapu kikashuka na sahani ya majani ya mzabibu yaliyojazwa wali. "Kula," Fauqiya alisema, "umekonda hadi nakuona vibaya."

Mhandisi wa wilaya alikuja, akasoma karatasi za kiooni, akaomba nakala mbili na risiti. Alizigonga muhuri wa "Imeonekana". Ripoti haiwezi kubadilika, alieleza kwa upole, kwa sababu faili limefungwa na mhusika amefariki. Maombi ya Dahiba ya mafao yakarudishwa.

Majira ya baridi Haji Muawwad aliingia mwenyewe, amevaa koti zuri la sufu, mkononi kibali kipya.

"Dada Inshirah, nakala tano. Na hii mashine yako isinikunjie karatasi tena, nitakutafutia fundi."

"Imeandikwa ghorofa nne," Inshirah alisema.

"Ndiyo, nne."

"Utajenga ngapi?"

"Tuombe uzima." Alitoka hadi mlangoni, akainua macho kwenye nyumba ya Fauqiya, akaipima kwa kiganja. "Ile ya tatu imenipunguzia kazi."

Nguzo zikapanda. Kabla ya Ramadhani zilifika chini ya sakafu ya Fauqiya, mafundi wakashindilia saruji kwenye mwanya, wakaunganisha ngazi na mlango wake, wakaendelea kwenda juu. Mhandisi alipita kukagua. Kwenye fomu, mbele ya ghorofa ya tatu, aliandika: *imekamilika kabla ya muda.* Shauqi akarudi nyumbani na begi lake, na Ijumaa mafundi wa nyaya wakaishughulisha ngazi yao na nyaya. Ukurasa wa Jumamosi ukasema: *Bwana Shauqi amerejea kwake. Bawabu mpya ametoka Sohag, anaitwa Abdulmaujud, mkaribisheni. Jina la Ami Bishir bado limo kwenye ripoti.* Mstari huo wa mwisho Inshirah aliurudia kila wiki, na watu wakauzoea kama walivyozoea ratiba ya maji.

Baada ya Idi alipanda kumtembelea Fauqiya. Ilikuwa mara ya kwanza kupita ngazi mpya. Zilinuka chokaa, na ukuta ulikuwa bado na unyevu. Shauqi alikuwa amelala chumbani. Fauqiya akaleta chai ya nanaa na glasi mbili kwenye sinia, wakaketi karibu na roshani.

Tramu ikapita barabara kuu. Glasi zikaanza kugongana, taratibu, na juu ya mlango ufa mwembamba ukadondosha chembe za rangi kwenye zulia.

"Inatikisika hivi tangu lini?" Inshirah aliuliza.

"Tangu waniunganishe. Miezi tisa nilikaa hewani, hata sahani haikugusa sahani." Fauqiya alisema hivyo bila kulalamika, kama anayelinganisha sabuni mbili. "Shauqi anasema tutazoea."

"Nitaandika Jumamosi."

"Andika. Sukari ngapi siku hizi?"

"Moja."

Fauqiya alikunja kitambaa cha meza mara mbili, akakiweka chini ya sinia, na glasi zikanyamaza. Juu yao mafundi walikuwa wakimimina zege la ghorofa ya kumi.