Rangi ya Nyota Hafifu

Chumba chetu cha kazi kina dirisha moja, nalo linatazama ukuta. Humo Baba amesaga lenzi za miwani tangu sijazaliwa, na humo Shangazi alitaka nizeekee.

"Baba yako haoni!" alinifokea, mkononi kashika miwani iliyorudishwa na mteja. "Lenzi ya kulia kaiweka kushoto. Halafu wewe unatuacha, unakwenda kutazama nyota!"

Nilikuwa nimepata nafasi ya mafunzo kwenye kituo cha kuchunguza nyota, mbali. Basi langu lilikuwa la kesho yake asubuhi.

"Nani haoni?" Baba aliuliza bila kuinua uso. "Usiku tupande juu ya paa. Nikiiona ile nyota ya mwanangu, anaondoka. Nisipoiona, anabaki. Maneno yaishe."

Nyota yangu, ile niliyoichagua kuichunguza, ni hafifu. Macho mazima huipata kwa shida. Mabovu hayaipati kabisa. Nilizoea kumsomea Baba habari zake huku mashine ikinguruma. Ni nyota ya safu kuu kama Jua, inaishi kwa kugeuza hidrojeni kuwa heli. Imelizidi Jua kidogo kwa uzito na kwa moto, na rangi yake ni njano inayoelekea weupe. Kinachoififisha ni umbali tu. Uzito wake unaibana kwa ndani, joto lake linasukuma kwenda nje, na kwa kuwa nguvu hizo ziko sawa, haiporomoki wala haitanuki. Mabilioni ya miaka iko palepale.

"Maskini," Baba alisema siku moja. "Kumbe na yenyewe imefungwa dukani kama sisi."

Usiku umeme ulikatika mtaa mzima, giza likatufaa. Shangazi alisimama nyuma yetu, mikono kiunoni.

"Haya, mpiga ramli, tuambie."

Nilimwelekeza Baba: tafuta ile nyota kubwa, kisha shuka chini yake. Akakunja shingo, akainua kidole.

"Ileee! Ndogo, njano njano hivi, inaelekea weupe."

Shangazi akacheka. "Mzee ana macho ya mwewe! Haya wewe, kafunge mizigo."

Mimi nilikauka. Baba mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba kwenye mwanga hafifu jicho halishiki rangi, kila kitu huwa kijivu. Niliitazama nyota yangu: nukta ya kijivu, basi. Njano ile haionekani kwa macho ya mtu yeyote. Baba hakuiona. Alinirudishia maneno niliyomsomea.

Nikisema kweli, namwaibisha mbele ya dada yake. Nikinyamaza na kuondoka, namwacha peke yake na lenzi asizoziona. Nilimkasirikia, nikawaka. Mlango kanifungulia, na kwa kuufungua kwa uongo kaufunga: sasa nilijua kweli haoni.

"Umeridhika?" Baba akaniuliza.

"Nimeridhika, Baba."

Asubuhi basi liliondoka. Mimi nilikuwa kwenye mashine, nimevaa aproni ya Baba. Baba aliingia akipapasa ukuta, akasikia mlio, akasimama.

"Wewe! Hukuondoka? Si niliiona?"

"Uliiona, Baba." Sikugeuka, machozi yangu hayamhusu mtu. "Njoo unishikie taa hapa."