Nyumba Iliyokataliwa Mara Mbili

...kushoto, kushoto kidogo tena, na mkono wa Honorine ukaenda kushoto wenyewe kama mkono wa mtu mwingine, maana akili yake haikuwa hapo nyuma ya gari, ilikuwa kwenye barua iliyokunjwa mara nne ndani ya sidiria, inayomkwaruza kila anapovuta pumzi, na Lazare mumewe katoa kichwa dirishani anauliza, "Bado, Mama Darlène?" naye akajibu bado, rudi, rudi polepole, kama alivyojibu kila walipohama, mwaka wa pili sasa, kila baada ya wiki chache, kwa kuwa kambi hizi za karavani, vijumba vya kukokotwa na gari, pembezoni mwa Sydney hazimruhusu mtu kuota mizizi, siku zako zikiisha unachomoa waya wa umeme, unakunja turubai, unafunga makabati kwa kamba sahani zisije zikamwagika njiani, kisha mume anarudisha gari kinyumenyume na mke anasimama kumwelekeza mpaka kile kichwa cha chuma cha gari kikae sawasawa chini ya mkono wa karavani, mnafunga, mnaondoka... leo ni kaskazini, mwendo wa saa tano, shamba la stroberi lenye kambi yake, jana Lazare alimweleza habari hizo huku akipiga mluzi, mluzi!, mtu aliyekataa nyumba mara mbili. Nyumba ya matofali. Vyumba viwili, na ua, pale Seven Hills, dakika kumi kwa miguu mpaka stesheni, Honorine aliipita siku moja akiwa kwenye basi bila kujua kwamba ilikuwa yake, au pengine hakuipita, pengine anajitungia tu, lakini tangu juzi anaiona, anaona hata kamba ya nguo... "Kulia?" kulia, ndiyo, hapo, nyoosha. Miezi mitatu tu, mama, ndivyo Lazare alivyomwambia, siku mwenye nyumba ya kupanga alipowataka watoke, tununue hii karavani ya yule mzee wa kazini, tukae humo miezi mitatu, nyumba ya serikali iko njiani, na yeye Honorine akacheka, akasema miaka kumi na mmoja nimelala chini ya plastiki kule kambi ya wakimbizi ya Lukole, miezi mitatu itaniua? Akapachika pazia la maua. Akawa kila Jumapili anauliza, imekuja barua? na Lazare anatikisa kichwa, anasema foleni ni ndefu, Mama Darlène, Wazungu wenyewe wanangoja, tuzidi kuomba, na waliomba, mikono imeshikana juu ya meza ile inayokunjwa ukutani, yeye akimwomba Mungu nyumba na mwenzake akisema amina, ile amina ndiyo inayomchoma, angekaa kimya basi, angekohoa, lakini amina... "Safe travels, darling!" ni yule bibi wa karavani ya jirani, kikombe cha chai mkononi, ampungie mkono, haya, amempungia, yeye na mzee wake wamestaafu, wameuza nyumba yenye bwawa la kuogelea wazunguke nchi hii mpaka wachoke, na juzi alimwambia Honorine kwamba huu ndio uhuru, kila asubuhi dirisha lile lile na mandhari mapya, naye akaitikia yes, yes, lovely, kwa sababu utamwelezaje mtu aliyeiacha nyumba akiwa ameshiba nyumba, utamwambia nini, kwamba neno kambi likitajwa unasikia ndoo zikigongana kwenye foleni ya maji na mtoto wako wa miaka minne anauliza nyumba yetu ni namba ngapi, na unamwonyesha namba iliyoandikwa kwa rangi kwenye hema? Hapa nako wana namba. Yao ni thelathini na sita. Darlène hakupenda kuja hapa, akija anakaa ukingoni mwa kitanda na begi mapajani, Honorine alidhani ni aibu, msichana wa chuo kikuu ana haki ya kuona aibu, hakujua kwamba ni aibu ya namna nyingine... Barua alipewa na Nkatha, nesi Mkenya wanayesali naye, ambaye barua zao zote huenda kwa anwani yake kwa vile wao hawana mlango, siku zote anayezichukua ni Lazare, huzipokea pale getini, haingii ndani hata akikaribishwa chai, lakini Jumapili hii Nkatha alisema, "Shika hii, mama, imekaa wiki mbili hapa, nimechoka kumngojea mzee," akaishika, akaona nembo ya ofisi ya nyumba, moyo ukaruka kwa furaha, mpumbavu mkubwa, hakumwambia Lazare, alitaka kumshtua kwa habari njema. Jumatano baada ya kazi akapanda basi mpaka Kensington, chumba cha Darlène, vitanda viwili na vitabu sakafuni, akamwambia nisomee, mwanangu, soma polepole nifaidi, na Darlène akasoma kimyakimya, akakaa. "Mum," akasema. "They took you off the list." Imekuwaje? "Mmekataa nyumba mbili, ukikataa mbili wanakuondoa," akaendelea kwa Kiingereza chake cha haraka, naye akamwambia nani kakataa, wamekosea, watu wa ofisi wamechanganya majina, Wazungu hawajui kuandika majina yetu, hebu nione, na nyuma ya barua kulikuwa na nakala za fomu mbili, na chini ya kila fomu sahihi mbili, ya Lazare, mikunjo kama waya, na ya Honorine Ninahazwe. Yake. Nzuri kuliko yake. Yeye alijifunza kuandika jina lake hapa hapa Australia, akiwa na miaka arobaini na tisa, kule kambini alikuwa anatia kidole gumba kwenye wino, na mpaka leo ile H yake inaegemea kama kiti kilichovunjika mguu, lakini H ya kwenye fomu ilisimama wima, na ile o ilikuwa na kijikia, na kijikia hicho anakijua, alikiona kwenye daftari za mtoto darasa la nne, la tano, la sita, alizihifadhi zote... akainua macho. "Baba alilia," Darlène akasema, safari hii kwa Kiswahili, Kiswahili chake kinachochechemea, "sijaona yeye analia. Alisema wewe utaelewa baadaye." Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini hawakusema ufanyeje wakikula wawili, mmoja umelala naye na mwingine umemzaa... "Bado?" bado, sogea, kiganja hivi, hivi tena. Angeweza kumpotosha. Wazo hilo lilikuja tu, likakaa: ainue mkono kuonyesha njoo, njoo, mpaka chuma kiingie tumboni mwa karavani, aone naye jinsi inavyokuwa kumwamini mtu unayemwona kwenye kioo... hapana, Yesu wangu, hapana, kulia kidogo. Siku mbili amenyamaza. Amepika, amepakua, amesema amina. Alikuwa anangoja nini? Alikuwa anangoja Lazare ampe sababu, na hapa Honorine akajikamata mwenyewe, maana sababu anayo, anayo tangu zamani, Lazare aliwahi kumsimulia mara moja tu, kule Lukole, habari ya mwaka wa mauaji kwao, tisini na tatu, yeye yuko mgombani anakata majani, mlango umefungwa kwa nje, mama yake na wadogo zake watatu wako ndani, na nyasi za paa zilikuwa kavu. Sentensi nne. Hakurudia. Na yeye aliona, si aliona? kwamba mume wake kanisani husimama karibu na mlango, kwamba kule nyumba ya kupanga alikuwa anakula chakula barazani hata kwenye baridi, na kwamba siku waliponunua kitu hiki chenye magurudumu alikipapasa ubavuni kama mtu anavyompapasa ng'ombe wake, akasema, "Hii inaweza kuondoka." Aliona akachagua kusema ni mazoea. Basi amhurumie? Anamhurumia. Huruma iko hapa, imejaa kifua hiki hiki chenye barua, wala haikuipunguza barua hata mstari mmoja, ndilo jambo linalomshangaza, alidhani kimoja kitakimeza kingine... angemwambia! Angesema, Mama Darlène, siwezi kulala ndani ya kuta, naye angekasirika, angelia, kisha angesema sawa, tuichukue nyumba, wewe uweke karavani yako uani, milango wazi, nitakuletea chakula huko, kwani ni watu wangapi wanaishi hivyo? Hakumpa nafasi ya kuwa mwema. Amemnyang'anya hata hiyo, na kumfundisha mtoto kunyang'anya. Na barua inasema kuna rufaa, Darlène aliusoma mstari huo mara mbili huku akifuta kamasi, mnaweza kufika ofisini Parramatta kabla ya saa kumi na moja Ijumaa, yaani leo, na sasa ni saa nne na nusu asubuhi, basi linapita barabarani saa tano, halafu treni, na akipanda gari hili atakuwa kwenye stroberi saa kumi, ameacha kazi yake ya kutunza wazee kwa mara ya tatu, ana namba mpya kwenye hema jipya, ana mume anayepiga mluzi. Je, ataenda kusema nini pale kaunta? Sahihi hii si yangu, naye karani aulize, basi nani kaiandika, mama? na kalamu ya yule karani inangoja... atamtaja mwanawe? Hapana, hatamtaja. Atasema mimi sikukataa, mimi niko hapa, mnaniona, niandikeni upya, hata nikiwa wa mwisho, hata kama ni miaka kumi, niandikeni peke yangu. Peke yangu. Alilisikia neno hilo likipita kichwani kama mgeni aliyeingia bila hodi, akalingojea limtishe, halikumtisha, likavuta kiti. "Mama Darlène! Bado, au nimefika?" Gari linanguruma mahali pale pale, chuma na chuma vimebakisha upana wa kiganja, na ndani ya kile kioo cha pembeni kuna uso wa mtu mzima aliyechoka, macho yamemganda yeye, yanangoja aonyeshwe pa kwenda, hajui lolote, na Honorine akauona uso huo wote kwa mara ya kwanza tangu juzi, akashusha mikono yote miwili, akaisugua kwenye sketi kama anayetoka kukanda unga, akasema, si kwa sauti kubwa, akimwita kwa jina ambalo hakuwahi kumwita tangu siku walipopata mtoto:

"Zima gari, Lazare."